Picha ghafi: nibaki na NEF za kamera au nigeuze zote ziwe DNG?

Msaka_Nuru: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina picha za miaka sita, zote NEF, yaani faili ghafi (RAW) za kamera ya Nikon zenye data ya picha kabla haijasafishwa, zimejaza diski mbili. Mwenzangu kanishauri nizigeuze ziwe DNG, muundo mwingine wa faili ghafi, kisha nifute za mwanzo ili nipate nafasi. Folda moja nimeshageuza, lakini kwenye kufuta mkono unasita. Humo kuna picha za marehemu baba, na sina nyingine. Nifanyeje?

Jicho_Kali: Pole kwa kumpoteza mzee. Usifute, mkuu. DNG ni nzuri: Adobe waliitoa mwaka 2004, na maelezo yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuandika programu ya kuisoma. Ila ukigeuza, baadhi ya taarifa ambazo kamera iliziandika kwa namna yake zinaweza kupotea, na programu ya Nikon yenyewe haitaifungua hiyo DNG. Na kwa kawaida DNG huwezi kuirudisha kuwa NEF.

Mama_Lenzi: Mimi natumia DNG na sijajuta. Marekebisho yanakaa humo humo ndani ya faili, sina vifaili vya XMP, vile vya pembeni vinavyotunza marekebisho, vya kuchunga. Pia inabeba alama ya uhakiki, kwa hiyo programu inaweza kukuambia kama data ya picha imeharibika.

Jicho_Kali: Sawa mama, lakini ukigusa mwangaza tu na kuhifadhi, faili zima limebadilika, bakapu inalinakili upya, megabaiti zote. Kwa NEF kinachonakiliwa ni kile kifaili cha XMP, kilobaiti chache.

Msaka_Nuru: Na nafasi je? Ile folda imepungua kidogo mno.

Mama_Lenzi: Basi NEF zako kamera ilikuwa imeshazibana, hutapata nafuu kubwa. Ipo DNG inayobanwa kwa kutupa data, hiyo hupungua sana, ila kwa picha za mzee usithubutu. Wala JPEG usiihesabu kuwa bakapu ya ghafi. JPEG ina biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi. Ghafi ya biti 14 ina 16,384. Siku utakapotaka kuung'arisha uso uliokaa kivulini, utaona tofauti.

Msaka_Nuru: Nimewaelewa, asanteni sana. NEF zinabaki. Natafuta diski ya tatu, na folda ya baba ndiyo ya kwanza kunakiliwa.