Filamu za siku kujirudia: marehemu anafufuka kila asubuhi, wafiwa mnawaficha wapi?

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Humu ndani naharibu uhondo wa filamu tatu na anime (katuni za Kijapani) mbili, kwa hiyo ambaye hajaziona na hapendi kusimuliwa mwisho apite kimya kimya.

Chanzo ni hiki. Jumamosi tulikuwa Muheza kwenye arobaini ya mjomba. Khitma imesomwa, pilau limeliwa, wazee wamelala. Vijana tukafungua kompyuta sebuleni, tukaweka Edge of Tomorrow, ile ya 2014 ya Tom Cruise. Mnaijua: askari mwoga anaitwa Cage, anapelekwa vitani kupigana na viumbe wa anga za juu, na kila akifa anaamka jana yake. Anafundishwa na Sajenti Rita Vrataski. Akivunjika mguu au mgongo mazoezini, Rita anachomoa bastola, anampiga ya kichwa ili siku ianze upya. Imepangwa kama kichekesho. Pa! Anaamka. Pa! Anaamka. Tulicheka mpaka mkaza mjomba, ambaye bado yuko edani, akauliza kutoka nyuma ya pazia la chumbani tunacheka nini. Binamu akamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na huyo mwanamke? Yeye naye inamuanzia upya?"

Hakuna aliyejibu. Binamu akapunguza sauti.

Sasa mimi tangu siku hiyo simuoni Cage tena, namuona Rita. Amesimama kwenye ukumbi wa mazoezi, bastola bado ya moto, maiti ya askari miguuni kwake, damu inatafuta njia sakafuni. Kamera imeshaondoka, imemfuata Cage kwenye kesho yake mpya. Yeye je? Anamwita nani? Anawaambia nini wakubwa wake, kwamba amemuua askari kwa sababu alimuomba? Na asubuhi lazima avae deraya, ashuke ufukweni Ufaransa, na mtu pekee aliyejua adui amejificha wapi amelala mochwari kwa risasi yake yeye Rita. Dunia ile imeshindwa vita, wakuu, na aliyesababisha ishindwe ni shujaa wake mwenyewe.

Najua mtakuja na lile jibu lenu: siku imefutwa, hakuna kilichobaki, Rita hakusimama popote. Haya. Basi tuseme kwa Kiswahili mlichokisema. Mmefuta siku nzima ya dunia nzima. Kila mama aliyejifungua mchana ule, kila aliyepatana na ndugu yake jioni ile, wote wamepanguswa kama chaki ubaoni kwa sababu bwana mmoja amevunjika mguu. Chagueni wenyewe. Ama watu wametelekezwa, ama wamefutwa. Waandishi hawataki kuchagua, maana wakichagua lolote, kile kichekesho hakichekeshi tena.

Tena ushahidi dhidi yao umo ndani ya filamu zao. Nendeni kwa babu wa hizi hadithi kwenye sinema, Groundhog Day ya 1993. Phil, mtangazaji wa hali ya hewa, amekwama tarehe 2 Februari katika mji mdogo wa Pennsylvania. Anachoka, anaanza kujiua kwa kila njia, mara moja anajirusha kutoka juu ya mnara. Halafu inakuja sehemu ambayo watu wengi wanaisahau: mochwari. Shuka linafunuliwa, wenzake wawili wa kazini, Larry na Rita, wanautambua mwili. (Ndiyo, huyu naye ni Rita. Sijui wenye jina hili waliwakosea nini watu wa Hollywood.) Uso wa Rita umevunjika, Larry anamsifu marehemu. Sekunde chache tu, kisha kengele ya saa 12 asubuhi.

Mmeona walichofanya? Phil ameshakufa na siku haijaisha! Gari limeitwa, mwili umebebwa, watu wameitwa, wamelia. Kwa hiyo siku haimsubiri yeye afe ndipo ijifunge. Inaendelea bila yeye, walau kwa saa kadhaa, na ndani yake kuna mwanamke atakayerudi hotelini kukusanya nguo za mwenzake. Nguo hizo nani anazikunja? Sisi tuliozika juzi tunajua kazi hiyo inavyokuwa.

Source Code ya 2011 ndiyo inanichefua kuliko zote, kwa sababu inajifanya ina huruma. Colter Stevens, rubani wa jeshi, anaingizwa katika dakika 8 za mwisho za mwalimu mmoja, Sean Fentress, ndani ya treni inayoelekea Chicago ambayo tayari imelipuliwa. Wakubwa wanamhakikishia kwamba abiria wale wamekwishakufa, ile ni kumbukumbu tu, asihangaike nao. Anarudi na kurudi mpaka anamjua mtega bomu. Mwishoni anagundua kwamba dunia ile ni ya kweli, inaendelea baada ya dakika 8, na anatoka kutembea Chicago na msichana aliyempenda. Muziki, jua, furaha.

Subirini kidogo. Kama safari ya mwisho ilikuwa dunia ya kweli, zile za kabla yake zilikuwa nini? Abiria walioungua mara zote zile waliungua kweli. Na Sean je? Colter amechukua mwili wake, jina lake, kazi yake, hata mapenzi yaliyokuwa yanaanza kati yake na yule msichana. Mama yake Sean atapigiwa simu na mwanajeshi asiyemjua aliyevaa sauti ya mwanawe. Filamu haimkumbuki hata kwa neno moja. Kwetu mtu akiingia mwilini mwa mwenzake hivyo, tunamwita mganga.

Wajapani walau wanathubutu kuangalia. Kwenye Puella Magi Madoka Magica ya 2011, sehemu ya 10, msichana Homura anarudisha wakati tena na tena kumwokoa rafiki yake. Kuna mzunguko mmoja ambao rafiki mwenyewe anageuka mchawi mkubwa kupita wote, na yule kiumbe Kyubey anakadiria kwamba dunia itaangamia ndani ya siku kama 10. Anamuuliza Homura kama hatapigana. Homura anasema uwanja wake wa vita si hapa, anageuza ngao yake inayorudisha wakati, anaondoka. Siku 10! Mwenye duka, mtoto wa shule, bibi mwenye paka, wote wameachiwa siku 10 na hakuna aliyewaaga. Lakini hapo sikukasirika, kwa sababu mwandishi alitaka nione ubaridi ule. Hakuufunika kwa utani.

Na Re:Zero, msimu wa pili. Subaru, ambaye naye hurudi nyuma kila akifa, anatiwa kwenye jaribio na kuonyeshwa yaliyofuata baada ya vifo vyake: watu juu ya maiti yake, vilio, ghadhabu. Alikuwa anajiambia kwamba yanafutika. Anavunjika kabisa. Hata hapo hatuambiwi kwa uhakika kama dunia zile zipo au ni mateso ya kutengenezwa tu, lakini swali limeulizwa mbele yake na jasho limemtoka.

Hollywood wao huzuni wanampa anayekumbuka tu. Rita wa vitani naye aliwahi kuwa na uwezo ule, na anasimulia kwamba alimuona mwenzake Hendricks akifa mara 300. Tunamhurumia Rita, na ni haki. Hendricks amekufa mara 300 na kazi yake kwenye hadithi ni kuwa namba.

Sasa ombi. Anayejua filamu yoyote inayobaki na Rita dakika 5 tu baada ya risasi, aitaje hapa. Sitaki fizikia, sitaki "ni filamu tu mkuu". Na kama ipo yenye tafsiri ya Kiswahili mniambie, kuna mtu nataka aione.