Mjadala: Mtoto mwenye ulemavu akishakuwa mtu mzima, neno la mwisho ni la nani?

Mleta mada (baba, Kimara, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo katika nyumba nyingi huamuliwa kimya kimya, bila mwenyewe kuulizwa. Binti yangu wa pili alipoteza uwezo wa kuona baada ya kuugua akiwa na miaka 6. Amesoma shule ya bweni kwa maandishi ya nukta nundu, amemaliza chuo, na tangu mwaka jana anafanya kazi katika ofisi moja karibu na Kivukoni, ambako hupokea simu na kuandaa barua kwa kompyuta yenye programu inayomsomea kwa sauti. Ana miaka 24. Mwezi uliopita alituambia, mimi na mama yake, kwamba amepata chumba Magomeni, kwamba kodi ya miezi 6 anayo, na kwamba angependa kuhamia kabla ya mvua za masika. Mama yake alinyamaza. Mimi nilisema hapana kabla hajamaliza kueleza.

Tangu siku hiyo lile hapana langu limenikosesha amani. Kaka yake alihama akiwa na miaka 22, hana kazi ya uhakika, nami nilimnunulia godoro na jiko la gesi na kumtakia heri. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba binti nilimkatalia kwa sababu ya umri, wala kipato, wala tabia. Nilimkatalia kwa sababu haoni, na siku nilipojilazimisha kuyatamka maneno hayo mbele ya mke wangu niliona haya.

Wapo watakaosema kwamba kwa mzazi mtoto hakui, na kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Misemo hiyo nimeitumia miaka mingi. Lakini sheria haisemi hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatamka katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao sawa na watu wengine. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sisi wazazi hulishangilia sharti hilo na kulalamika linapopuuzwa. Tunamtaka mgeni amwamini mtoto wetu na nyaraka za ofisi yake, ilhali sisi tuliomzaa hatumwamini na funguo za chumba kimoja.

Nieleze pia nilivyoenenda alipoanza kazi. Kwa wiki tatu nilipanda naye basi lilelile la mwendokasi bila kumwambia. Nilisimama mbali kidogo, nikimtazama anavyohesabu vituo, anavyomwuliza abiria wa karibu swali moja tu na kushukuru, anavyoshuka akitanguliza fimbo nyeupe. Siku ya mwisho ya wiki ya tatu alipofika Kivukoni alisimama, akageuka upande niliokuwa, akasema, "Baba, hicho kikohozi ukakitazamishe hospitali." Alikuwa akijua tangu siku ya pili. Aliniacha niendelee kwa kuwa aliona kwamba mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa.

Kuna kosa jingine ambalo nadhani si langu peke yangu. Shuleni alifua nguo zake mwenyewe na kutandika kitanda chake tangu akiwa darasa la pili. Akija likizo tulimnyang'anya beseni. Kisu hakukishika kwetu hata siku moja. Leo nikisema kwamba hawezi kupika peke yake, nalalamikia upungufu tulioutengeneza kwa mikono yetu na kuuita huruma.

Msimamo wangu ni huu, na naomba mwenye hoja aupinge: mtu akishatimiza miaka 18, mzazi ana haki ya kushauri, ya kuonya na hata ya kulia, lakini neno la mwisho juu ya maisha yake si la mzazi tena.

Mama wa kijana wa miaka 27 (Morogoro)

Kaka, nakusalimu kwa heshima, na ninakupongeza kwa kusema ukweli wa nyumbani kwako. Hata hivyo, mada yako imepimwa kwa binti mwenye shahada, nami naomba ipimwe kwa mwanangu.

Mwanangu ana ulemavu wa akili. Ni mchapakazi: huchota maji kwa ajili ya nyumba nne za mtaani kwetu na hulipwa. Noti huzitambua kwa rangi; akipewa nyekundu hufurahi kuliko akipewa ya bluu, ila akiombwa chenji huitoa yoyote iliyoko mfukoni. Miaka miwili iliyopita nilimwachia atembee na kitambulisho chake cha taifa, kwa sababu katika semina niliyohudhuria tuliambiwa kwamba tunawabana watoto wetu. Akatokea kijana wa kusajili laini za simu, akamnunulia soda, akamwomba aweke kidole mara tatu. Laini zilizosajiliwa kwa jina la mwanangu zikatumika kuwatapeli watu. Walipokuja askari nyumbani waliyemtaka alikuwa yeye, na alikuwa akiwachekea kwa kuwa alidhani ni wageni. Nilizunguka miezi minne kumnasua. Tangu hapo kitambulisho kiko kwenye sanduku langu, na sioni aibu.

Wenzangu wenye mabinti wa aina hii wana hofu nzito zaidi, nanyi mnaijua bila mimi kuitaja. Msituambie kwamba hofu hiyo ni mapenzi yaliyopita kiasi.

Nawaomba pia mtazame mikataba hiyo inatekelezwa wapi na kwa gharama ya nani. Sweden imekuwa na sheria tangu mwaka 1994 inayompa mtu mwenye ulemavu mkubwa msaidizi binafsi anayelipwa kwa fedha za umma. Hapa msaidizi binafsi wa mwanangu ni mimi, na mshahara wangu ni kuuza vitumbua asubuhi. Nikimwachia, simwachii mikononi mwa mfumo wowote. Nitakuwa nimemwachia mtaa, na mtaa una watu wema na watu wabaya. Kabla ya kutunyang'anya neno la mwisho, tuambieni atakayebaki naye ni nani.

Kijana mwenye mtindio wa ubongo (Mombasa)

Shikamooni wazee wangu. Mimi nina miaka 31, natumia kiti mwendo, na maneno yangu hutoka polepole, ndiyo maana napenda majadiliano ya kuandika.

Mama, yaliyompata mwanao yameniumiza, wala sitayapunguza. Naomba tu nikueleze upande wa anayelindwa. Watu wakifika kwetu humwuliza mama yangu kama mimi natumia sukari katika chai, na mimi nimekaa hapo hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kutotajwa kwa namna ya kumdhalilisha, lakini sukari yangu ya chai bado inajibiwa na mtu mwingine. Namba ya siri ya M-Pesa yangu aliishika mama. Nilikuwa na miaka 26 nilipojua kwa mara ya kwanza nina pesa ngapi.

Nilijua mwaka huo kwa sababu mama alipatwa na kiharusi akalazwa kwa mwezi mzima. Nyumba ilijaa jamaa, shangazi, majirani, wote wakitaka kusaidia, wala hapakuwa na hata mmoja aliyejua namna ya kuninyanyua bila kuniumiza bega, wala kwamba chakula kikiwa kikavu hunipalia. Mimi nilijua yote hayo. Lakini sikuwa nimezoea kumwelekeza mtu, nao hawakuwa wamezoea kunisikiliza, kwa sababu kwa miaka 26 kila kitu kilipita kwa mama. Siku nne za mwanzo nilikula uji peke yake.

Mama yangu alinipenda, na alikuwa amejifanya kuwa mlango pekee wa nyumba yangu. Ulipofungwa, nilibaki ndani. Umeuliza, mama, atakayebaki naye ni nani. Swali hilo ndilo ninalokuomba uanze kulijibu wewe leo, ungali na nguvu, kwa kuwa serikali ikichelewa kulijibu, ugonjwa hautachelewa.

Mwalimu mstaafu wa elimu maalumu (Moshi)

Nina neno moja. Katika mbio za wasioona, mkimbiaji na mwongozaji wake hushika kamba fupi, na kanuni zinamkataza mwongozaji kumvuta mkimbiaji. Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, aliposhinda mita 5,000 katika Michezo ya Paralimpiki kule Sydney mwaka 2000, mwongozaji wake alikuwa ameishiwa nguvu, na Wanyoike ndiye aliyemkokota mpaka kwenye utepe. Nimefundisha miaka mingi na nimewaona wazazi wa aina tatu: wanaoiachia kamba kabisa, wanaoivuta, na wachache wanaokimbia sambamba. Wa aina ya tatu huanza mtoto akiwa na miaka 7, kwa kumwacha amwage maziwa anapojifunza kuyamimina.

Mleta mada

Dada yangu wa Morogoro, nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na nimelazimika kurekebisha maneno yangu. Niliandika kana kwamba kumwachia mtu neno la mwisho ni kumwacha peke yake nalo. Sivyo, na kwa mwanao ingekuwa hatari. Sheria ya Mikataba inataka anayeingia mkataba awe mtu mzima na mwenye akili timamu. Binti yangu hana tatizo hapo, kwani macho hayamo katika masharti hayo. Lakini kwa mwanao neno "timamu" linaweza kuwa ukuta. Ibara ya 12 ya ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa inafuata njia nyingine: inaitaka nchi impatie mtu msaada wa kufikia uamuzi wake. Tatizo, kama ulivyosema, ni kwamba hakuna ofisi ya kata ambako utaenda ukaonyeshwa msaada huo.

Pamoja na hayo, kuhusu kitambulisho sikubaliani nawe. Kikikaa katika sanduku lako, usalama wote wa mwanao unakaa humo pia, na kijana wa Mombasa ametuonyesha kinachotokea sanduku likikosa mwenyewe. Ningependa uwatafute watu watatu, nawe ukiwa mmoja wao: labda mmoja wa majirani anaowachotea maji, na mtu wa msikitini au kanisani kwenu. Afundishwe jambo moja tu, kwa kurudiarudia kama alivyofundishwa rangi za noti: kidole hakiwekwi popote kabla ya mmoja wa hao watatu kufika. Itachukua muda, pengine mwaka. Huenda akakosea tena. Lakini kosa lifanyike ukiwa hai, kukiwa na wengine wawili wa kuzunguka nawe kumnasua, badala ya kuzunguka peke yako miezi minne.

Kwangu mimi, habari imesogea kidogo tangu nilipoanzisha mada. Mwenye nyumba wa Magomeni alimwambia binti kwamba hatasaini mkataba mpaka baba yake afike asaini. Wiki mbili zilizopita ningeufurahia mlango huo, kwa sababu ungenipa njia ya kukataa bila kuonekana nimekataa. Nilimpigia simu, nikamweleza kwamba mpangaji ni mtu mzima mwenye mshahara wake, kwamba mkataba atasomewa na yeye mwenyewe atauwekea saini, na kwamba mimi nitakuja kama shahidi ikiwa mpangaji ataniomba. Alisita, akakubali. Tunakwenda Jumamosi saa nne.

Mama yake ameanza kumfundisha kukatakata vitunguu, jambo ambalo tungelifanya miaka 15 iliyopita, na jikoni kwetu kila jioni kuna kelele ya maelekezo na vicheko. Godoro na jiko la gesi nimenunua, kama nilivyomnunulia kaka yake. Nimemwomba anipe ufunguo wa pili wa chumba. Amesema atafikiria kwanza, kwa sababu jirani wa chumba cha pili yuko karibu zaidi.