Gari jeusi limetoka kupolishwa, asubuhi limegeuka kijivu: mnafanyaje na vumbi la Goma?

Katindo77

Salamu wakubwa. Gari ni Toyota Harrier nyeusi. Fundi ameliosha, akalipitishia udongo wa kusafishia rangi, akalipiga polishi hatua mbili, kisha nta. Linalala nje upande wa Ndosho, kwenye uwanja wa changarawe ya volkano, mita 15 hivi toka barabara isiyo na lami. Siku ya pili tu kapo (boneti) na paa vimejaa vumbi la kijivu, na juu yake unga wa njano kutoka kwa miti ya grevilea ya jirani.

Maswali ni matatu. Nipanguse kila asubuhi kwa plumo (brashi ya manyoya) au kitambaa kikavu? Nilifunike kwa bashi (turubai)? Na je, kuna dawa ya kupaka ambayo vumbi halishiki kabisa?

FundiVerni

La tatu kwanza: hakuna. Anayekuuzia dawa ambayo vumbi halishiki anakuuzia maneno. Unachoweza kupata ni rangi laini na kavu ambayo vumbi linaikalia bila kuganda, likaondoka kwa maji au upepo kabla mkono haujaligusa. Shika hapo kwenye mkono. Vumbi likilala tu juu ya gari halikwaruzi kitu. Linakwaruza pale mtu anapolisukuma.

Na vumbi letu si la kawaida. Changarawe uliyoegeshea ni lava iliyovunjwavunjwa. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, pamoja na lava ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani. Matairi yanasaga mawe hayo kila siku. Ukiangalia chembe zake kwa kioo cha kukuzia utaona kingo kali kama chupa iliyovunjika, na ndani yake mna madini kama olivini, ambayo kwenye mizani ya ugumu ya Mohs iko 6.5 hadi 7. Kioo cha dirisha kiko karibu 5.5. Verni ya gari, lile tabaka angavu linalofunika rangi, iko chini kabisa ya hivyo vyote.

Sasa piga hesabu. Verni ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50, ni pungufu ya unywele. Polishi ya hatua mbili imeshakula mikroni chache. Ukipangusa kavu kila asubuhi, baada ya wiki tatu jua likipiga kapo utaona ile mikwaruzo ya mviringo kama nyuzi za buibui, na dawa yake ni polishi nyingine. Verni haikui tena. Gari jeusi linaweza kupigwa polishi nzito mara chache tu katika maisha yake.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalioni: kitambaa kikavu kinaleta umeme tuli. Ukisugua rangi, na hasa parashoki (bampa) za plastiki, unazipa chaji inayovuta vumbi jipya. Ndiyo maana gari lililopanguswa kavu saa 1 asubuhi lina vumbi tena saa 3.

yaya_himbi

Fundi kasema vizuri, mimi naongeza wakati wa kufanya kazi, kwa sababu huku hapo ndipo watu wanapokosea. Vumbi linapanda mchana, pikipiki na malori yakipita. Usiku unakuja umande, unalilowesha na kulifanya uji mwembamba. Asubuhi jua linaukausha ule uji, na vumbi sasa limegandana na rangi. Ukilipuliza kwa kompresa asubuhi hiyo haliondoki, ndipo mtu anachukua kitambaa.

Kwa hiyo puliza jioni, kabla umande haujashuka, gari likiwa kavu. Kompresa ya garaji inafaa ukitimiza mambo mawili: fungua kwanza koki ya chini ya tangi umwage maji yote, na weka kichujio cha maji na mafuta kwenye mpira. Usipofanya hivyo utanyunyiza matone ya mafuta juu ya nta. Mdomo wa hewa ukae sentimita 30 toka kwenye rangi, anzia paa ushuke, na usimame upande upepo unakotoka ili vumbi lisikurudie wewe na gari. Mashine ya kupuliza majani makavu ni bora zaidi, kwa sababu hewa yake ni nyingi na haina mafuta.

Kuhusu bashi, hapana. Bashi ya plastiki nene ni ngumu kama msasa ikishapata vumbi chini yake, na huku upepo wa mchana unaotoka ziwani utaipigapiga juu ya kapo mpaka jioni. Pia haipumui: unyevu unabaki chini, nta inapata madoa meupe. Ukitaka kufunika, nunua kifuniko cha kitambaa kinachopitisha mvuke, chenye upande wa ndani laini, lastiki mbele na nyuma, na mikanda ya kupita chini ya tumbo la gari. Hata hicho unakiweka juu ya gari safi tu. Gari likiwa na vumbi hata dogo, ni afadhali libaki wazi. Na ukikivua usikiburute: kikunje toka pembeni kuelekea katikati ya paa, upande wa nje ukiingia ndani ya mkunjo, halafu kiinue chote kwa pamoja.

Bidoni20

Mmesahau maji, na Goma maji ndiyo yenye kesi.

Wengi wanaosha kwa maji ya ziwa. Maji ya Kivu yana pH karibu 9 na chumvi takriban gramu 1 kwa lita: bikaboneti, magnesi, sodi. Matone yakikaukia juu ya gari jeusi yanaacha duara nyeupe, na vumbi linashika kwenye hizo duara kuliko sehemu nyingine kwa sababu pamekwaruka kama chaki. Mtu anasema "nta yangu imekwisha", kumbe ni maji.

Suuza ya mwisho tumia maji ya mvua ya tangi. Yaache yatulie, chota juu, yachuje kwa kitambaa safi. Lita 15 zinatosha gari la ukubwa huo ukitumia pompa ya kupulizia ya mgongoni. Iwe mpya! Iliyowahi kutiwa dawa ya shambani usiilete karibu na gari. Kama una maji ya ziwa pekee, osha upande mmoja, ukaushe, ndipo uende mwingine, na usifanye juani.

Duara nyeupe zikishatokea: siki nyeupe sehemu moja, maji sehemu moja, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja, suuza sana. Siki inapunguza nta hapo, kwa hiyo rudisha nta sehemu hiyo.

Neno kuhusu tangi: maji ya mvua ni mazuri yakiwa safi, ila mvua ya kwanza baada ya siku nyingi kavu inaosha bati lote la nyumba na moshi wa volkano uliolala juu yake. Hiyo usiitie tangini.

Lushois_gari

Nawasalimu toka Lubumbashi. Kwetu vumbi ni jekundu na tabia yake ni tofauti. Lenu ni chembe kali, letu ni udongo laini wenye oksidi ya chuma. Halikwaruzi haraka kama la volkano, lakini linaingia kwenye vinyweleo vya plastiki nyeusi isiyopakwa rangi na kwenye raba za milango, likilowa linaacha wekundu usiotoka kwa maji matupu. Kwa hiyo plastiki zile zipakwe kinga mapema, zikiwa bado safi. Baadaye utakuwa unafungia wekundu ndani.

Kuhusu chavua naona hamjamjibu. Unga wa njano si vumbi. Chembe ya chavua ina ganda gumu sana, na nyingine zina miiba midogo, ndiyo maana inashika kwenye rangi inayoonekana laini. Ikilowa inatoa majimaji ya kunata, jua likiyakausha yanabaki doa la njano hafifu. Kwenye gari jeusi huoni rangi yenyewe, unaona tu sehemu zisizong'aa. Sisi tunalijua hilo Septemba na Oktoba, jakaranda zikichanua: ua lililoanguka juu ya kapo likilala siku mbili linaacha umbo lake.

Kwa hiyo chavua iondoke kabla ya mvua ndogo. Mvua kubwa inakusaidia, manyunyu yanakuharibia. Doa likishakaa, shampuu ya kawaida ikashindwa, chukua maji ya moto ya nyuzi 70 hivi, lowesha taulo, lilaze juu ya doa mpaka lipoe, kisha suuza. Usimwage maji hayo juu ya kioo baridi cha asubuhi.

Katindo77

Aksanti sana wote. Tatizo lililobaki ni sentineli, mlinzi wa nyumbani. Kila alfajiri anapangusa gari kwa kitambaa kilekile anachofutia viti, anadhani anasaidia. Na mimi natoka saa 12 na nusu, sina saa nzima ya kuosha. Kuna njia ya dakika 15?

FundiVerni

Sentineli usimkataze tu, mpe kazi nyingine. Mwachie pompa yenye lita 15 za maji ya mvua na umwambie: anyunyize, asiguse. Aanze na paa, kioo, kapo, milango, amalizie chini. Dakika 5. Sehemu kubwa ya vumbi la usiku mmoja itashuka yenyewe kama nta bado inafanya kazi.

Ukiwa na dakika 15 na unataka gari liwe safi kweli, tumia shampuu isiyohitaji kusuuzwa. Kipimo cha kawaida ni sehemu 1 kwa 256, yaani karibu mililita 30 kwa lita 7.5 za maji. Soma chupa yako, na usiongeze ukidhani ndipo itasafisha zaidi: ikizidi inaacha utelezi unaonata vumbi. Tia vitambaa 6 vya mikrofaiba ndani ya ndoo. Baada ya kunyunyiza maji na kuondoa mchanga, kunja kitambaa mara mbili upate nyuso 8. Pitisha kwa mstari ulionyooka, uzito wa kitambaa chenyewe unatosha, usikandamize. Sehemu moja ya gari, uso mmoja. Uso uliotumika haurudi kwenye rangi, na kitambaa kilichotumika hakirudi ndani ya ndoo. Sehemu za chini za milango na nyuma ya matairi ziwe na kitambaa chao, maana mchanga mkubwa uko huko. Kausha mara moja kwa taulo nene, kwa kulilaza na kulivuta taratibu.

Vitambaa vifuliwe peke yake, maji yasizidi nyuzi 40, bila ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi zote. Kilichoanguka chini kwenye changarawe, hata mara moja, kihamishie kwenye rimu. Hilo halina mjadala.

Hiyo njia haifai gari lenye matope. Likiwa na matope, ni Karcher (mashine ya maji ya presha) kwa mdomo unaotawanya maji kama feni, sentimita 30, povu dakika 5 kivulini, suuza, kisha osha kwa ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa. Hakuna mkato.

yaya_himbi

Naomba nipingane kidogo kuhusu nta. Kwa gari linalolala juani, nta ya asili inalainika mchana na kushika vumbi kuliko kinga ya sintetiki yenye silika. Tena Goma iko mita 1,500 juu, jua lake linakula nta haraka. Ya kunyunyiza inatosha: mipulizo 2 au 3 kwa kapo, tandaza kwa kitambaa kibichi kidogo, geuza, futa. Rudia kila wiki tatu.

Kosa la kawaida ni kuacha ziada. Baada ya dakika 20 pita tena na kitambaa kingine safi, utashangaa kilichobaki. Ziada hiyo ndiyo gundi ya vumbi. Vilevile ule mng'ao wa matairi wenye mafuta ya silikoni: fundi anaumwagia ili gari lipendeze siku ya kukabidhi, halafu tairi inakuwa kahawia kabla hujafika rond-point Tshukudu, na matone yanarukia milango. Futa tairi kwa kitambaa kavu mpaka kisitoke na mafuta.

FundiVerni

Kuhusu nta na silika sipingi, ila kama nta ni ya wiki hii, iache imalize kazi yake.

Mawili ya mwisho, Katindo. Waipa: kioo kikiwa na vumbi usiziwashe kavu kamwe, kwa sababu chembe ni ngumu kuliko kioo chenyewe na mkwaruzo wa kioo hautoki kwa polishi ya rangi. Pulizia maji kwanza, na kila Jumamosi futa raba za waipa kwa kitambaa kibichi. Siku volkano ikitoa majivu ni vivyo hivyo, ila maji yawe mengi zaidi na usingoje jioni: majivu yakipata manyunyu yanakuwa na asidi na yanaanza kula rangi. Baada ya hapo angalia filta ya injini na ile ya hewa ya ndani.

La pili ni uwanja wako. Mwaga maji juu ya changarawe jioni, lita 1 hadi 2 kwa kila mita mraba, mita 3 kuzunguka gari, hasa upande wa barabara. Maji ya ziwa yanafaa kwa hiyo. Na hamisha gari litoke chini ya grevilea, hata kama kivuli kitapotea.