Kesi za établissement public: avoka wa inje ao service juridique yenyewe? (Lubumbashi)

Kipushi_L
Wandugu, habari. Niko service juridique ya établissement public (shirika la umma) moja hapa Lubumbashi, tuko wanasheria watatu. Wakubwa wanataka kabine moja ya mawakili ya mjini ichukue kesi zote kwa abonema ya kila mwezi, sisi tubaki na mikataba na barua. Kesi zenyewe: wafanyakazi walioachishwa, viwanja, wauzaji wanaodai facture. Mbili ziko Kolwezi. Kipi kibaki ndani, na mkataba uandikwe namna gani tusilipe mara mbili?

Baro_Kamalondo
Anza na nani anaruhusiwa kusimama mbele ya jaji. Ordonnance-loi 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 inapanga mawakili wa baro (chama chao), watetezi wa mahakama na mandateri wa Serikali (wanaoitetea Serikali mbele ya jaji). Diploma ya sheria na meza ofisini havimuingizi mtu wenu katika kundi lolote kati ya hayo, na agent anayekula mshahara wenu hawezi kuwa avoka wakati huohuo. Kwa odiensi, basi, kwa kawaida mtamuhitaji mtu wa inje. Kinachobaki ni kujua nani atamuongoza.

Mashirika ya umma yanaanguka mara nyingi kwa prokirasyo (karatasi ya kumpa avoka uwezo wa kuwatetea) kuliko kwa hoja. Siku ya kwanza tu mpinzani analeta exception ya kukosa qualité, yaani anasema aliyesimama hana uwezo wa kuwakilisha shirika. Prokirasyo maalum itaje shirika kwa jina lake kamili, mpinzani, tribinali, namba ya kesi kama imeshatolewa, na daraja: kama haisemi rufaa, msidhani rufaa imo. Isainiwe na yule ambaye statuti zinampa uwezo huo, na nakala ya hati iliyomteua iambatanishwe. Akiwa DG (mkurugenzi mkuu) wa muda, ongeza karatasi ya intérim. Halafu angalieni tarehe: prokirasyo ya tarehe 14 kwa rufaa iliyofanywa tarehe 10 ni zawadi kwa mpinzani.

Kasasyo, ngazi ya mwisho kisha rufaa, ni mambo mengine. Kule wanatetea mawakili wa baro ya Cour de cassation, na abonema yenu haifiki Kinshasa. Wekeni bajeti pembeni.

Mama_Ruashi
Sawa kabisa, Maître, lakini mimi naogopa zaidi mlango. Huisie (mpeleka hati za tribinali) anaacha exploit, yaani hati yenyewe, kwa sekretaria. Inapigwa muhuri wa "courrier arrivé", inapanda kwa DG, DG anaandika "pour traitement", inashuka juridique siku ya tisa, kabine inaipata siku ya kumi na tatu. Opposition (kupinga hukumu iliyotolewa bila ninyi kuwepo) katika kesi ya civil ni siku 15, appel (rufaa) siku 30, na hesabu inaanza kwa signifikasyo, yaani huisie anapowakabidhi hukumu. Jaji hajali DG alisoma lini. Abonema hata ikiwa ya bei gani haitibu hiyo.

Kipushi, mpate rejista ya exploits peke yake, tofauti na ile ya barua za kawaida. Mtu mmoja wa juridique apokee, na mwingine wa kumbadili akiwa likizo. Andika saa, jina la huisie, siku ya mwisho ya kutenda, na nani amejulishwa. Picha iende kwa avoka siku ileile, DG ataandika annotation yake baadaye.

Kesi za wafanyakazi zibaki kwenu mpaka conciliation (mapatano) kwa inspekta wa kazi imalizike. Kwa walio chini ya Code du travail hatua hiyo ni ya lazima kabla ya tribinali, na anayejua dosye ya mtu ni ninyi. Nendeni na décompte (hesabu ya haki zake) iliyokamilika: préavis (notisi), likizo, mishahara iliyobaki. Kabine ikienda bila hesabu hizo itaomba tu tarehe nyingine, na mtalipa safari. Wale wa statut ya agents de carrière, wafanyakazi wa kudumu wa Serikali (sheria 16/013 ya 2016), wana njia yao, msiwachanganye.

Karavia_Droit
Upande wa pesa. Abonema ilipie ushauri na barua za mise en demeure (onyo kabla ya kesi), basi. Kesi zilipwe kwa hatua: kufungua ao kujibu, hukumu, rufaa, exécution (kutekeleza hukumu). Hapo ndipo watu wanalipa mara mbili, maana mkataba unasema "suivi des dossiers" (kufuatilia dosye) tu na kila upande unaelewa yake. Frais za tribinali ziwe mbali na honoreri, na kabine isirudishiwe hata faranga bila note de perception (karatasi ya kulipia Serikali) na bordereau ya benki. Kwa Kolwezi, andikeni kama correspondent (avoka wa kule anayesaidia kabine) analipwa na kabine ao na ninyi. Nyamaza, na utaletewa facture ya hoteli.

Originali msitoe, isipokuwa kwa bordereau iliyosainiwa. Siku mkigombana juu ya honoreri, utakuta titre ya kiwanja imelala kwenye kabati ya mtu.

Na hapa mjini kabine nyingi zina wateja wa migodi. Dai tamko la maandishi kwamba haitetei mtu anayewadai ninyi, na irudie kulitoa kila inapopokea kesi mpya. Kabla ya saini, pitisha kwa cellule yenu ya marchés publics (manunuzi ya umma), sheria 10/010 ya 2010 juu ya hayo iko.

Kipushi_L
Asanti sana, wakubwa. Nimefungua zile mbili za Kolwezi sasa hivi: prokirasyo zote zinasema "première instance" tu, na moja hukumu yake ilishasignifiwa. Tarehe haijaandikwa popote kwetu.

Mama_Ruashi
Tuma mtu kwa huisie wa Kolwezi leo, akuletee nakala ya exploit.