Presha kuka ya umeme na maharage vimenishinda, nipo Mbeya, naombeni ushauri

Mama Kablanketi
Wapendwa habari za jioni, shikamooni wakubwa. Mwenzenu nipo hapa Mbeya maeneo ya Uyole, baridi la mwezi huu mnalijua wenyewe, sasa mume wangu alienda Dar kikazi akarudi na presha kuka ya umeme ya lita 6, wati 1000, akasema mke wangu mkaa basi tena. Nikafurahi kweli. Wali linapika vizuri, nyama ya ng'ombe dakika 40 imelainika, ndizi ndo usiseme. Shida ni maharage jamani. Maharage yananidhalilisha.

Siku ya kwanza nilibonyeza kile kitufe kilichoandikwa Beans, likajiseti dakika 30, nikakaa zangu. Nimefungua nakuta mengine yamepasuka yamekuwa rojo na mengine magumu kama kokoto, kwenye sufuria hiyohiyo moja! Siku ya pili nikasema labda machache hayatoshi, nikaweka kama kilo mbili na maji mpaka karibu na ule mstari wa juu, dakika zilipoisha nikageuza ile vali ya mvuke, mama yangu, povu lilitoka kama bia, ukutani, kwenye pazia, mpaka kwenye kalenda. Siku ya tatu nikaunga kabisa mlemle, kitunguu nyanya karoti na maharage na kila kitu nikafunga, likalia pi pi pi katikati ya safari, kufungua chini pameungua na maharage bado mabichi.

Na mama mkwe yupo hapa toka wiki iliyopita, kaja na gunia la maharage kutoka Mbozi, kila nikifungua hilo jiko anacheka kwa pua, anasema "chungu hakina waya mwanangu". Nisaidieni kabla sijarudi kwenye mkaa kwa aibu.

Lulu wa Tabata
Pole dada angu lakini mbona mi naweka dakika 25 tu na yanaiva fresh, tena siloweki. Labda jiko lako ni feki.

Kijana wa Mbalizi
Nimecheka hapo kwenye kalenda 😂😂 mama mkwe kapata cha kuhadithia kijijini mwaka mzima

Mwalimu wa Zamu
Dada Lulu, wewe upo Tabata, usawa wa bahari kabisa, yeye yupo Uyole. Sio jiko feki. Nafundisha fizikia sekondari hapahapa Mbeya na huu mfano nautumiaga darasani kila mwaka. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndo maana maharage ya sufuria ya kawaida huku yanakula mkaa mpaka unakata tamaa, maji yanatokota kweli lakini hayana moto wa kutosha.

Sasa presha kuka inasaidia lakini haifuti tofauti yote. Geuza jiko usome karatasi iliyobandikwa, majiko mengi ya umeme yameandikwa kilopaskali 70, hiyo ni presha inayoongezwa juu ya hewa ya nje. Dar hewa ya nje ni nzito, ukijumlisha unapata kama nyuzi 115 ndani ya sufuria. Mbeya unaanzia chini, unaishia kama 112. Nyuzi tatu zinaonekana ndogo ila kwa maharage ni nyingi. Kanuni inayotumika ni hii, ukishapita mita 600 ongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300. Kwa Mbeya inakuja kama asilimia 18. Dakika 30 za Dar ziite 36. Kile kitufe cha Beans hakijui kama upo Uyole au Kigamboni.

Lulu wa Tabata
Haya mwalimu nimekoma 🙏 sikujua kama mwinuko unaingia mpaka jikoni

Makete Baridi
Mwalimu umemaliza, huku kwetu Makete tupo juu zaidi ya huko Mbeya, mimi ile namba ya Beans sijawahi kuigusa naseti mwenyewe kwa mkono. Ila dada mimi naona tatizo lako kubwa sio mwinuko. Mwinuko ungefanya YOTE yawe magumu. Wewe umesema mengine rojo mengine kokoto, hayo ni maharage yamechanganywa. Ya msimu huu na ya zamani gunia moja. Hapo hata upike kwa transfoma hayataiva pamoja.

Mama Kablanketi
@Makete Baridi eeeh weee. Hayo maharage ndo ya gunia la mama mkwe. Alisema ni mapya.

Kijana wa Mbalizi
Uwiii. Mi nakaa pembeni na karanga zangu

Bibi Mwanjelwa
Wanangu nimeuza nafaka sokoni miaka mingi ngoja niwaambie. Hapo pengine mama wa watu hajadanganya, kavuna yake mapya akamwagia na yaliyobaki ya mwaka juzi ili gunia lijae, wote tunafanya kwa maharage ya nyumbani. Maharage yakikaa sana, hasa yakiwekwa sehemu ya joto na unyevu, darini juu ya jiko au chini ya bati, yanakaza humo ndani hata uyapike siku nzima yanabaki na kiini kigumu. Ya kuwekwa sehemu kavu yenye ubaridi yanavumilia zaidi. Ukitaka kuyajua mwaga kwenye ungo juani, mapya rangi imewaka na ngozi imetulia, ya zamani yamefifia yanaelekea kahawia na mengine yana mikunjo. Aina ya njano na ya kablanketi ndo rahisi kuona, rangi inasaliti. Mekundu yanaficha umri, hayo niulize mwenye soko.

Na ukija sokoni usiulize "mapya haya?" kila mtu atasema mapya. Nunua robo, kapike, ukiridhika rudi kwa huyohuyo uchukue sado nzima.

Ipogolo78
Kamwene wote. Kuhusu povu kwenye kalenda, hapo ulikosea mambo mawili dada na yote yapo kwenye kitabu cha jiko ila nani anasomaga. La kwanza maharage yanavimba na yanatoa povu, kwa hiyo ule mstari wa juu sio wako, ule ni wa mchuzi na vitu vingine. Maharage pamoja na maji yasipite NUSU ya sufuria. Kwa lita 6 kilo moja makavu na maji lita mbili ndo mwisho, usiwe na tamaa. Tia na kijiko cha mafuta ya alizeti, povu linapungua.

La pili usifungue vali muda ukiisha. Chomoa au acha lijishushe lenyewe dakika 20 mpaka ile pini ndogo ishuke. Sio usalama tu, ukitoa mvuke ghafla maji mle ndani yanachemka kwa fujo, maharage yanapasuka ngozi na povu linapanda kwenye vali. Zile dakika 20 za kusubiri bado yanaiva humo ndani kwa joto lililobaki, zihesabu kama sehemu ya mapishi. Kuna jirani yangu alikuwa anapiga vali na mwiko, siku moja mvuke ukampata mkononi, sa hivi anapika kwa heshima.

Baada ya lile povu toa vali na kofia yake uoshe, ganda moja la haharage likiziba pale ni hatari. Na rabari ya mfuniko ikague imekaa sawa mzunguko wote, ukiona mvuke unavuja pembeni na pini haipandi presha haipo, unachemsha tu.

Kijana wa Mbalizi
"haharage" 😂 mkuu typing na njaa

Ipogolo78
Simu ya mtoto hii niache 😅

Mama wa Watatu Mafinga
Siku ya tatu uliyoungua ni kwa sababu ya nyanya na viungo mapema. Nyanya, limao, ukwaju, chochote chenye uchachu kinafanya maharage yagome kulainika, halafu rojo ya nyanya ikitulia chini linaungua jiko likajizima kujilinda. Pika maharage na maji matupu kwanza. Yakishaiva bonyeza ile ya kukaanga, kama unaweza kutoa sufuria ya ndani mwaga maharage bakuli, kaanga kitunguu, nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge, ndo rudisha maharage. Mimi naweka karanga za kusaga mwishoni kabisa na siifungi tena, karanga nazo zinaungua chini vibaya sana.

Chumvi pia mwishoni, inakaza ngozi.

Mwalimu wa Zamu
Hapo kwenye chumvi naomba nikupinge kidogo mama. Hiyo tumeambiwa na bibi zetu wote lakini ni kinyume. Chumvi kwenye maji ya KULOWEKA inalainisha ngozi, sodiamu inachukua nafasi ya kalisiamu kwenye ile gundi inayoshikilia ngozi. Kijiko kimoja cha chakula kwa maji lita mbili, usiku kucha, asubuhi mwaga suuza. Kinachokaza ni kalisiamu na magneziamu, yaani yale maji mazito ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika.

Mama wa Watatu Mafinga
Mwalimu mama yangu mzazi atakukataa ila nitajaribu kimyakimya

Makete Baridi
Kama maji ni ya kisima cha hivyo, magadi kidogo tu au baking soda robo kijiko cha chai kwa kilo. Ikizidi maharage yanakuwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 inaharibika.

Mgeni wa Njombe
Hivi umeme haumalizi pesa? Mi mke wangu namkatalia hilo jiko mwaka wa pili sasa

Ipogolo78
Mkuu mke wako anateseka bure. Mi niliandika mita kabla na baada, kilo moja ya maharage ya kuloweka ilikula kama uniti 0.4. Kwa tarifu ya kawaida elfu moja inakupa uniti 2.8 hivi, kwa hiyo hapo ni kama shilingi 140. Ukiwa kwenye tarifu ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi ni chini zaidi. Linaonekana lina wati 1000 lakini halili muda wote, likishapanda presha linajizima linajiwasha, limefunikwa joto halitoki. Mkaa wa shilingi 140 utauziwa wapi Njombe wewe, labda uokote.

Mgeni wa Njombe
Na umeme ukikatika katikati?

Ipogolo78
Usiguse mfuniko. Liache, linashika joto muda mrefu, ukirudi endelea. Anayelazimisha mfuniko ndo anayejiumiza.

Dada Nesi
Nimepita kusema moja tu, yale magumu msile kwa kulazimisha hasa maharage mekundu. Yana sumu ya asili inaitwa lektini, haifi mpaka yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, punje nne tano mbichi zinatosha kukutapisha na kukuharisha. Presha ikipanda vizuri inaua yote hamna shida. Hatari ni kuyapika kwenye ile moto mdogo ya kupika taratibu masaa nane, hapo joto halifiki na sumu inazidi badala ya kupungua. Maji ya kuloweka mwaga, hata gesi tumboni inapungua.

Mama Kablanketi
Jamani nimewasoma wote, ndaga fijo. Sasa muda kamili niseti ngapi? Na la mama mkwe nalifanyaje, siwezi kumwambia mama maharage yako yamezeeka, hiyo nyumba sitakaa.

Makete Baridi
Kablanketi jipya lililolowekwa usiku, kwa hapo Mbeya dakika 25 na kusubiri 20. Bila kuloweka 50. Gunia la mama mkwe loweka na chumvi kama mwalimu alivyosema, anza na 55, yakigoma rudisha 15 nyingine, sio dhambi. Usimwambie kitu. Chambua kwenye ungo ukiwa unapiga naye stori, yaliyofifia tenga peke yake, atakusaidia mwenyewe bila kujua.

Bibi Mwanjelwa
Huyo wa Makete kalelewa vizuri.

Mama Kablanketi
MREJESHO. Jumamosi nilienda Mwanjelwa nikanunua robo kilo kablanketi, nikaloweka, dakika 25, nikasubiri nikiwa naangalia ile pini kama mtu anasubiri matokeo ya mtihani. Ikashuka tii, nimefungua, yameiva YOTE, mchuzi mzito wenyewe. Kumbe jiko zima!

Jana nikageukia gunia. Nikamwaga ungo nje juani, mama akaja akakaa, tukawa tunachambua anahadithia mambo ya Mbozi, akawa anatenga mwenyewe anasema haya yamefifia haya yaweke huku. Nikakaa kimya kabisa. Yale mazuri dakika 30 yakaiva. Yaliyofifia nililoweka na chumvi usiku, 55 yakawa bado yana kiini, nikarudisha 15, yakakubali, sio laini kama mapya ila yanalika. Nikaunga kwa karanga pembeni kama mama wa Mafinga alivyosema, na wali wa Kyela na parachichi.

Mama kala, kaongeza, kanyamaza. Halafu akasema, "Unaona sasa, nilikwambia maharage yangu hayana shida, ni wewe tu ulikuwa hujalijua jiko lako."

Nikamjibu ndiyo mama.

Kijana wa Mbalizi
😂😂😂😂 chungu kimepata waya

Mama wa Watatu Mafinga
Mwalimu, nimeloweka na chumvi. Mama hajajua. Yamelainika.

Mama Kablanketi
Swali la mwisho kabla uzi haujafa, makande je? Mahindi makavu na maharage naweka pamoja au mahindi yatangulie? Mama anaondoka Alhamisi nataka nimwage kabisa.

Makete Baridi
Mahindi yaliyokobolewa loweka usiku, yatangulie dakika 30, shusha presha taratibu, ndo uongeze maharage yaliyolowekwa dakika 25. Nusu sufuria, usisahau. Na hamisha kalenda.