Meza ina watu saba, pambano limepimwa kwa wanne: nifanyeje?

Chanikiwiti_Sinza aliandika:

Wakuu, heshima kwenu.

Ndiyo nimeanza kuendesha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza visa kwa dadu) kama gemu masta, yaani anayesimulia kisa na kuendesha maadui, kwa sheria za toleo la 2014. Tunakutana Jumapili alasiri sebuleni kwa dada mmoja wa kundi letu. Mpango ulikuwa watu wanne. Habari zikasambaa, sasa meza ina saba, na sina moyo wa kumwambia yeyote abaki nyumbani, maana wote wanakuja na hamu ya kweli.

Kisa nimekitunga mwenyewe: bandari ya kubuni, magofu ya matumbawe, matajiri wa karafuu. Wahusika wote wako leveli ya 3. Kuna wapiganaji wawili, mwizi, mchawi, kasisi, mwindaji na paladini. Jumapili ijayo wanavamia jahazi usiku kumwokoa mtoto wa tajiri aliyetekwa.

Ndani ya jahazi nimeweka nahodha mmoja, natumia takwimu za kiongozi wa majambazi: kinga 15 (namba ya dadu inayotakiwa ili pigo limpate), uhai 65 (madhara anayoweza kubeba kabla ya kuanguka), mapigo matatu kwa zamu. Pamoja naye majambazi wanne wa kawaida, kinga 12, uhai 11. Kwa watu wanne nilikuwa na amani. Kwa saba naona nahodha ataanguka kabla hajasema neno, na huyu ndiye adui wanayemfuatilia tangu mwanzo wa kisa.

Rafiki yangu ananiambia nizidishe uhai wa nahodha mara mbili, ufike 130, kingine nisiguse. Ndiyo njia yenyewe? Naombeni mwongozo.

MamaDadu alijibu:

Mkuu, uhai usiuguse kwanza. Hesabu zamu.

Chukua mhusika wa kawaida wa leveli ya 3: ana +5 ya kupiga (anaijumlisha kwenye dadu ya pande ishirini), upanga wa dadu ya pande nane, jumlisha 3. Kwa kinga 15 anahitaji 10 kwenda juu, yaani asilimia 55. Pigo likiingia linamega wastani wa 7.5. Kwa hiyo kila mtu anatoa kama 4 kwa zamu. Watu wanne wanatoa 16 hivi kwa raundi, na nahodha anasimama raundi nne. Watu saba wanatoa 29, raundi ya tatu haimalizi. Na hapo sijagusa pigo la kuvizia la mwizi wala nguvu takatifu ya paladini, ambazo zitamaliza kazi mapema zaidi.

Sasa mpe 130. Atasimama raundi nne na nusu, sawa. Lakini kwa muda wote huo anatoa mapigo yale yale matatu dhidi ya zamu saba. Kwa wachezaji, hatari ya kila raundi haijapanda hata kidogo, kilichopanda ni muda. Mtu akitumia dakika 2 kwa zamu, raundi moja ni dakika 14 kabla wewe hujarusha dadu. Raundi nne na nusu ni saa nzima na ushei, watu wanapanga foleni kumchapa mtu mmoja aliyesimama pale pale. Aliyecheza wa kwanza atakuwa ameshachukua simu yake, na huwezi kumlaumu.

Ndiyo maana nakwambia kilichopungua upande wako ni zamu. Ongeza miili, yaani maadui.

Angalia hesabu ya kitabu, inayopima ugumu wa pambano kwa pointi. Kwa leveli ya 3, pambano la wastani ni pointi 150 kwa kila mhusika na gumu ni 225. Kwa saba hiyo ni 1,050 na 1,575. Nahodha ana thamani ya 450, jambazi 25. Nahodha na wanne wanafika 550. Maadui watano kwa kawaida unazidisha kwa 2, ila kundi likiwa na wachezaji sita au zaidi unashuka kizidisho kimoja, kwa hiyo 1.5. Unapata 825. Pambano lako kwa meza hii ni jepesi, halijafika hata wastani. Weka majambazi wanane: maadui ni tisa, kizidisho chao kikishashuka ni 2, kwa hiyo 650 mara 2, ni 1,300. Hapo umepita wastani na hujafika gumu.

Lakini usiwasimamishe wote wanane sitahani tangu mwanzo. Mchawi wako ana uchawi wa kulaza, na jahazi ni jembamba, watalala kwa mafungu. Wanne wawe jahazini, wanne waje na mashua kutoka ufukweni mwanzoni mwa raundi ya pili. Wape wachezaji dalili raundi ya kwanza: taa inayotembea juu ya maji, sauti ya makasia. Mwindaji aliyekaa nyuma na upinde atakuwa na kazi yake hapo, na ataipenda.

Zamu zao usizirundike. Sheria inakuruhusu kurusha dadu moja ya mpangilio wa zamu kwa maadui wa aina moja. Mimi huwagawa makundi mawili, la omo (mbele ya jahazi) na la tezi (nyuma), kila kundi dadu yake. Zamu zao zinaangukia katikati ya za wachezaji, na meza nzima inakaa macho.

Nahodha mwenyewe naye mpe kitu cha kufanya nje ya zamu yake. Joka mkubwa kwenye kitabu ana vitendo vitatu vya ziada, anavitumia baada ya zamu za wengine. Nahodha wa leveli hii apewe kimoja tu kwa raundi: mchezaji yeyote akimaliza zamu, nahodha anaamuru, na jambazi mmoja anapiga au anasogea papo hapo. Maneno yake uliyoyaandaa yaweke ndani ya amri hizo. Uhai wake unaweza kuupandisha kidogo bila kuvunja chochote, kwa sababu 65 ni wastani tu wa dadu zake, na dadu hizo zinafika hadi 100. Mimi ningempa 80.

Na jambo ninalolipenda kuliko yote hayo: wape watu saba kazi zaidi ya moja. Majambazi wawili hawapigani kabisa, wanavuta henza, yaani kamba ya kupandisha foromali, ule mti unaobeba tanga. Kila mmoja akitumia kitendo chake unaweka alama moja, wazi, mezani, kila mtu aione. Alama zikifika sita, tanga limejaa upepo na jahazi linaondoka na mtoto. Sasa wapiganaji wako watagawanyika wenyewe: huyu kwenye kamba, huyu kwa nahodha, yule anashuka ngamani, chini ndani ya jahazi, kumtafuta mtoto. Watu saba wakigawanyika sehemu tatu, hakuna mahali ambapo saba wanamzunguka mmoja. Hapo ndipo uzito wa kundi kubwa unapopungua, na kila mtu anaondoka na kitu chake cha kusimulia.

Kijana_wa_Umoja alijibu:

Sasa ndugu. Mimi naendesha meza ya watu sita Nairobi, na nakubaliana na MamaDadu kwa mengi, ila kwa majambazi wanane nataka uwe makini sana.

Mchawi wa leveli ya 3 mwenye kinga 12 ana uhai kama 20. Jambazi ana +3, anahitaji 9 tu kumpata, na pigo lake ni wastani wa 4.5. Wanane wakimgeukia yeye peke yake, raundi moja ni kama 21. Ameanguka, na mwenye mhusika huyo atakaa akitazama wengine wakicheza. Tatizo la maadui wengi ni hilo: kila mmoja peke yake ni dhaifu, wakielekea mahali pamoja wanaua. Kwa hiyo amua kabla ya siku yenyewe kila jambazi anamfuata nani. Wa tezi wanamlinda nahodha hawaondoki, wa mashua wanapambana na aliye karibu na ukingo. Na uwe na njia ya kupunguza. Kama raundi ya kwanza imewaendea vibaya, mashua ije na wawili badala ya wanne. Wachezaji hawajui umepanga wangapi.

La pili ni mwendo. Mimi huita majina mawili kila mara: "Sasa ni paladini, anayefuata mwizi ajiandae." Dadu ya kupiga na ya madhara zirushwe pamoja, madhara usitumie ikiwa pigo limekosa. Kwa majambazi, chukua namba ya wastani iliyoandikwa kwenye takwimu, 4, bila kurusha. Kwa meza kubwa hii pekee inaokoa muda mwingi sana.

Na kwa wanaosoma uzi huu bila kitabu: takwimu za jambazi na kiongozi wao zipo bure mtandaoni kihalali, zimewekwa chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Usikubali kuuziwa nakala za mtaani.

Chanikiwiti_Sinza aliandika:

Asanteni sana wakuu, nimekaa na daftari nikapiga hesabu zote upya. Alama za henza mezani nimezipenda mno, nitatumia kete za bao, kila mtu aone zinavyoongezeka.

Swali moja limebaki. Mtoto yuko ngamani karibu na jambazi mmoja. Mchawi wetu nina hakika atatumia uchawi wa kulaza pale pale mlangoni. Mtoto naye ataguswa?

MamaDadu alijibu:

Ataguswa, tena wa kwanza. Kwa sheria za 2014 uchawi ule unarusha dadu tano za pande nane, wastani wa 22, na unaanza na aliye na uhai mdogo kuliko wote ndani ya eneo, rafiki au adui. Mpe mtoto takwimu za raia wa kawaida, uhai 4. Atalala yeye, inabaki 18, analala jambazi mmoja wa 11, inabaki 7 na haitoshi kwa wa pili. Basi ngamani weka majambazi wawili, ili mmoja abaki macho na kisu mkononi.

Na mtoto akishalala hakimbii mwenyewe. Kuna mtu itabidi atumie kitendo chake kumtikisa aamke, au ambebe kupanda ngazi huku juu henza inavutwa. Mwambie kasisi ajiandae.