Ukoo wa Bibi Mwasiti, Ujiji

Zuhura 06:12
Assalaam alaykum ukoo. Majibu ya kinyama cha Kaka Hamisi yametoka jana jioni. Sio polipu, ule uvimbe wa puani usio wa saratani. Wameandika estesionyuroblastoma. Picha ya karatasi hiyo hapo.

Zuhura 06:14
Leo tukubaliane mawili: nani anakwenda naye Dar, na nani anatoa nini. Rufaa ninayo mkononi.

Zuhura 07:40
Jamani mmesoma. Naona alama za buluu.

Shabani 08:05
Estesi nani? Hilo si jina la beki mpya wa Yanga 😂

Juma Mbagala 08:06
Jumamosi tungekuwa naye wasingetufunga

Shabani 08:06
Jumamosi mlikosa kipa shehe

Zuhura 08:09
Shabani. Huyo ni kaka yako.

Shabani 08:15
Nisameheni. Nimeogopa, nikiogopa naropoka.

Asha Mwanza 09:31
Shikamooni. Nimetoka zamu maabara ndio nasoma. Ni saratani adimu, inaanzia kwenye utando wa kunusia, juu kabisa ya pua, chini ya kile kifupa chembamba chenye vitundu kinachoitenga na ubongo. Mama mdogo Zuhura, kabla mjomba hajakubali kupasuliwa au kuwekewa dripu za saratani, slaidi, vile vioo vyenye kinyama chake, zisomwe na mpatholojia mwingine, daktari wa kupima vinyama. Kwenye hadubini inaweza kufanana na limfoma, saratani ya chembe za kinga za mwili, na limfoma ya puani tiba yake ni dawa na mionzi, sio kukata. Jina likikosewa hapo, tiba nzima inakwenda kombo.

Rehema 09:50
Ndio maana hasikii harufu. Siku ile mawese yaliungua, moshi umefika barazani, yeye kakaa pale pale karibu na jiko anahesabu madumu. Mtu aliyekuwa akifungua kifuniko anakwambia haya ya Simbo, haya ya Mwandiga.

Zuhura 09:53
Na damu tundu la kushoto tu, miezi yote. Tulikoanzia walimtoa hizo polipu mara mbili, vinyama vikatupwa. Havikupelekwa maabara hata mara moja. Nikikumbuka silali.

Mama Mdogo Saada 10:20
🎤 Ujumbe wa sauti (2:13)

Zuhura 10:26
Mama mdogo, nimesikiliza hadi mwisho. Dua tunazihitaji, usiache. Lakini ile dawa ya Kasulu asipuliziwe tena puani. Juzi alitoka damu mpaka alfajiri, nimefua foronya tatu.

Juma Mbagala 11:02
Kwa nini asiende India moja kwa moja? Kuna mtu huku alikwenda

Asha Mwanza 11:15
Mjomba, kwanza tujue tunatibu nini. Muhimbili kuna madaktari wa pua na wa ubongo, Ocean Road kuna wa mionzi, ni mji mmoja. Huu ugonjwa hatibu daktari mmoja, inabidi wakae pamoja. Waulizeni imefikia hatua A, B au C. A iko ndani ya pua tu, B imeingia kwenye vyumba vya hewa pembeni ya pua, C imetoka nje, kwenye jicho au ubongo. Picha ya CT anayo, waombeni na ya MRI. Wakishakubaliana hapo ndio tuzungumze India.

Zuhura 11:17
Umesikia Juma? Haya, hela.

Salum 12:58
Hela zipi? Za shamba la Simbo? Maana mimi sijaziona tangu bibi alazwe.

Zuhura 12:59
Salum usianze.

Salum 13:01
Nauliza. Daftari lilikuwa kwa nani?

Rehema 13:04
Kwa marehemu, na unajua.

Salum 13:06
Ninachojua niliuza pikipiki na hakuna aliyeniuliza watoto watakula nini.

Shabani 13:07
Ujumbe huu umefutwa

Hamisi 13:20
Mimi nipo humu. Nasoma yote.

Mzee Kassim 16:45
Waalaykum salaam. Nimesomewa na mjukuu kuanzia alfajiri mpaka hapa. Shamba lile nililiuza mimi. Daftari nilikabidhiwa msibani, limo sandukuni kwangu. Salum, njoo ulisome ukurasa kwa ukurasa, ukimaliza unyamaze. Hamisi ataondoka na treni inayokuja. Injini ya mtumbwi nimemwambia Issa aitafutie mteja.

Shabani 16:52
Baba mkubwa 😭

Juma Mbagala 17:10
Ahsante baba mkubwa. Mimi laki mbili Ijumaa inshallah

Shabani 17:31
Zuhura angalia simu, nimetuma laki moja na nusu

Zuhura 17:34
Imefika. Mungu akuzidishie. Sasa nani anakwenda naye? Mionzi ikianza ni kama wiki sita, kila siku za kazi. Duka siwezi kulifunga muda wote huo. Juma, chumba kipo?

Rehema 18:20
Mimi ningekwenda ila mtoto ana mtihani. Naweza kumpokea mtu zamu baada ya wiki ya pili

Salum 20:11
Baba mkubwa nimekuelewa. Injini isiuzwe kwanza. Kesho baada ya laasiri nakuja.

Hamisi 21:02
Slaidi nizibebe mwenyewe?

Asha Mwanza 21:05
Ndiyo mjomba, mkononi, na vile vipande vya nta ambamo kinyama kimehifadhiwa. Usiviweke dirishani juani, nta inalainika. Na CD ya picha. Pale maabara waombe kwa barua, wakuandikie wamekupa vingapi.

Zuhura 21:07
Barua nimeshaandika, saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwao.

Hamisi 21:09
Sawa. Nitavifunga kwenye kile kitambaa cha bibi.

Zuhura 21:40
Juma, chumba?

Zuhura 22:15
Juma